Sita Nukta Moja

Alhamisi, 9 Januari 2025

Tulikwenda kwa ajili ya tezi dume. Tezi dume tu. Usiku Baba anaamka kila mara, mkojo wa matone, na akiulizwa anasema ni umri. Leo nikasema lazima. Nimemwachia binti duka, tukachukua bajaji pale Msimbazi, Baba na koti lake la heshima kwenye joto hili la Januari.

Mpimaji wa altrasaundi kijana mdogo, mstaarabu. Shikamoo mzee, lala hivi mzee, vuta pumzi mzee. Kapima kibofu, kapima tezi. Imekua kidogo, si ya kutisha. Nikashusha pumzi. Halafu mkono wake ukapanda hadi juu ya kitovu, ukasimama pale. Akabonyeza. Akaondoka, akarudi palepale. Kwenye kioo kuna duara jeusi linadunda. Akaweka misalaba miwili midogo, mmoja upande huu, mwingine upande ule, na namba ikatokea pembeni.

"Mzee, huwa unasikia tumbo linapiga?"

"Linapiga siku zote," Baba akasema. "Nikajua ndiyo moyo."

6.1. Sentimita. Mshipa mkuu wa damu, aorta, kipande kinachopita tumboni. Wa mtu mzima ni yapata sentimita mbili. Ukifika tatu wanahesabu umetanuka. Wa kwake sita nukta moja.

Na haumwi! Amerudi, amekula wali na samaki, kaomba pilipili.

Jumamosi, 11 Januari

Usingizi hauji. Sijamwambia Mama namba yenyewe. Nimesema "mshipa umevimba kidogo". Kidogo.

Swali la kwanza la daktari jana lilikuwa sigara. Baba akatazama sakafu. Miaka yote ile pale barazani Mtaa wa Sikukuu, cherehani mbele, sigara pembeni ya meza, majivu yakikaribia suruali za watu. Aliacha alipozaliwa mjukuu wa kwanza, lakini daktari anasema mshipa haujasahau. Mwanaume, kapita 65, kavuta sigara miaka mingi, ana presha. Kila alichokitaja, Baba anacho.

Maagizo: dawa za presha asiruke hata siku moja. Asibebe vitu vizito. Likija ghafla maumivu makali ya tumbo au mgongo, au akizirai, hakuna kusubiri, hakuna kuchemsha dawa ya kienyeji, hospitali moja kwa moja. Ukipasuka, wengi hawafiki.

Tangu jana Baba akishika mgongo tu, mimi nasimama.

Leo kashika mgongo kwa sababu ya kiti kibovu cha muuza kahawa. Nimekwenda kumnunulia muuza kahawa kiti kipya.

Jumanne, 14 Januari

CT. Kwanza wakapima figo, maana ile dawa wanayochoma ili mishipa ionekane inaweza kuziumiza. Kreatinini imepanda kiasi. Wakamtundikia maji kabla na baada. Kaa, subiri, kaa.

Jioni daktari wa mishipa akatuonyesha picha. Sikuwa tayari kwa ilivyo wazi. Mshipa unashuka kutoka kifuani, mwembamba, mzuri, unatoa matawi mawili ya figo, halafu chini yake kidogo unavimba, unajaa, kisha unajigawa kuingia miguuni. Ndani ya uvimbe damu iliyoganda imejipanga ukutani, katikati kuna njia ndogo damu inapita.

Kwa mwanaume ukifikia sentimita 5.5 ndipo wanashauri kutengeneza. Mwanamke, 5. Chini ya hapo ni kupima na kusubiri. Baba kapita.

Njia mbili. Ya kwanza ya siku zote: kupasua tumbo kuanzia karibu na mfupa wa kifua hadi chini ya kitovu, kusogeza utumbo, kuubana mshipa juu na chini, kufungua uvimbe, kushonea mshipa wa bandia. Imara. Lakini mapafu ya Baba ni ya mvutaji, na figo ndiyo hizo. Daktari hakuzunguka: "Kwa kisu, simwamini kwamba ataamka vizuri."

Ya pili: kuingilia kwenye mkunjo wa paja, kulia na kushoto, kwa matundu madogo. Wanapitisha waya, juu ya waya wanapitisha mrija uliobeba mshipa wa bandia uliokunjwa, wanaangalia kwa eksirei mpaka ufike mahali pake, kisha wanauachia ufunguke wenyewe ndani. Damu inapita ndani ya bomba jipya, uvimbe unabaki nje bila mgandamizo. Tumbo haliguswi.

Baba akauliza kitu kimoja tu. "Hilo bomba la nini?"

"La kitambaa, mzee. Na springi za madini."

Baba akanyamaza. Nilimwona anawaza.

Ijumaa, 17 Januari

Baada ya sala ya Ijumaa, wote nyumbani. Ba'mkubwa katoka Mtoni, shangazi katoka Temeke, kaka zangu wote. Mama kapika pilau ya watu wengi, kama vile kuna heri.

Ba'mkubwa ndiye aliyeanza. "Mtu kala, kalala, kaswali. Haumwi. Nyinyi mnamtafutia ugonjwa kwa mashine. Mwacheni mtu amalize umri wake."

Shangazi akaitikia. Sikuweza kusema kitu, koo lilikaza.

Kaka mkubwa akamjibu kwa adabu. "Ba'mkubwa, ukipasuka usiku saa nane, wewe utakuwa Mtoni, sisi tutakuwa tumemkumbatia."

Kisha hesabu, maana kwa njia hii ya paja ni kwenda Mumbai, India. Bima haivuki mpaka. Matibabu Mumbai ni maelfu ya dola, na sehemu kubwa ya bili ni kile kifaa chenyewe, si daktari wala kitanda. Kaka mkubwa atauza kiwanja cha Chanika. Mimi natoa mtaji wa mzigo wa Ramadhani. Mdogo wetu hana kitu. Akasema atampeleka Baba kila kliniki akirudi, maisha yake yote. Nimemwamini kuliko pesa.

Baba kasikiliza hadi mwisho, akajifuta mikono. "Nitakwenda. Lakini mnionyeshe kwanza hicho kitambaa."

Jumatatu, 20 Januari

Usiku wote kwenye simu, nasoma. Naandika hapa nisije nikasahau.

Einstein alikuwa na uvimbe huu. Huyohuyo. Desemba 1948 daktari Rudolf Nissen alimfungua tumbo akauzungushia selofani, ili mwili uote kovu na kuubana uvimbe. Hakukuwa na lingine la maana. Akaishi zaidi ya miaka sita. Ulipoanza kuvuja Aprili 1955, akakataa kupasuliwa tena, akafa tarehe 18, Princeton, na miaka 76. Ba'mkubwa angeipenda habari hii. Ila mimi naiona vingine. Alichokataa Einstein kilikuwa kisu, na kwa wakati ule kisu ndiyo ilikuwa njia pekee.

Mfaransa Charles Dubost, Paris, 1951: alikata kipande kilichovimba akaweka mshipa wa maiti. Halafu Kharkiv, 1987, Nikolai Volodos akapitisha mshipa wa bandia ndani kwa ndani kutengeneza aorta ya kifuani. Halafu Buenos Aires, Septemba 1990, Juan Parodi akafanya hivyo kwa uvimbe wa tumboni, akipitia kwenye paja. Kwa hiyo wakati njia anayokwenda kuipitia Baba inaanza, mimi nilikuwa tayari nimezaliwa.

Lakini iliyonikalisha macho ni ya Houston. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 daktari Michael DeBakey alikuwa anatafuta kitu cha kutengenezea mshipa. Akaenda duka kubwa la mjini kununua nailoni. Imekwisha. Wakampa kitambaa kipya, Dacron. Akanunua, akarudi nyumbani, akakaa kwenye cherehani ya mke wake, akashona mwenyewe. Mama yake ndiye aliyemfundisha kushona akiwa mtoto. Dacron ni poliesta. Poliesta! Ninayo marobota, hapa, dukani.

Jumanne, 21 Januari

Nimemsimulia Baba asubuhi, kabla sijafungua duka. Nilipofika kwenye cherehani ya mke wa daktari alikaa wima. "Alishona mshono gani? Alikunja au aliacha wazi?" Sijui, Baba. "Kitambaa kisichokunjwa kingo kinachanika uzi." Akatikisa kichwa kwa fundi mwenzie wa Marekani aliyekwishakufa.

Mchana akaja dukani mwenyewe. Akachomoa nyuzi kwenye vipande viwili vya mabaki, moja ya pamba, moja ya poliesta, kama alivyokuwa akifanya wateja wakimletea kitambaa na kudai ni pamba tupu. Akawasha kiberiti. Ya pamba ikaungua haraka, harufu ya karatasi, ikabaki majivu yaliyopeperuka alipopumua. Ya poliesta haikushika moto vile. Ilijikunja, ikarudi nyuma, ikayeyuka na kuacha kijipunje cheusi kigumu. Akakigusa na ukucha.

"Hiki hakinywi maji. Hakiozi. Hata ukikizika."

Akavaa kofia. "Kata tiketi."

Jumapili, 2 Februari

Pasipoti imetoka. Viza ya matibabu imetoka. Kaka mkubwa atamsindikiza.

Mama anapanga sanduku, anatoa, anapanga tena. Kaweka kanzu mbili, dawa za presha kwenye mfuko wa mkononi, na pakiti ya tangawizi ya kusaga. Wahindi hawana tangawizi? nikamuuliza. Kanitazama tu.

Jioni Baba kazunguka mtaa. Kaaga pale kahawa, kaaga msikitini, kapita na kwenye Mtaa wa Kongo kuangalia. Tangu ghorofa lianguke pale mwezi Novemba hapiti bila kusimama na kusoma Fatiha. Leo kasimama muda mrefu. Nimemwacha.

Jumatano, 5 Februari

Wamepaa. Air Tanzania, moja kwa moja hadi Mumbai. Pale uwanjani Baba akakataa kiti cha magurudumu. Akanishika kichwa akasoma, akanipulizia.

Duka lina watu. Nimeuza. Sikumbuki nimemuuzia nani.

Jumatatu, 10 Februari

Vipimo vya kule vimekamilika. Kaka kanipigia na daftari mkononi, kaandika kila kitu, Mungu ambariki.

Kinachoamua ni "shingo", kile kipande kizima kati ya mishipa ya figo na mwanzo wa uvimbe. Hapo ndipo bomba linajishikiza. Kikiwa kifupi mno halishiki, damu inapenya pembeni, kazi bure. Wanataka angalau milimita kumi, kumi na tano. Baba anazo 22, imenyooka. Mishipa ya nyonga ni mipana ya kutosha kupitisha mrija. Saizi ya bomba imechaguliwa kwa vipimo vyake mwenyewe, pana kidogo kuliko mshipa ili libane.

Daktari wa kule kamwonyesha sampuli. Baba kaomba kuishika. Kitambaa chembamba cheupe kilichoshonewa kwa mkono kwenye waya wa nitinoli, nikeli na titani. Wanaibana ibaki nyembamba, na ikipata joto la mwili inarudi kwenye umbo lake. Ina kiuno na miguu miwili, kama suruali: kiuno kinakaa chini ya figo, mguu mmoja unaingia nyonga ya kulia, mwingine unaunganishwa humohumo ndani kwa kupitia kushoto.

Kaka anasema Baba aligeuza kile kitu, akatafuta mishono, akaihesabu kwa kidole. Kisha akamwambia daktari kwa Kiswahili, na Kaka akatafsiri: "Fundi wake ni mzuri."

Watamfanyia Alhamisi.

Alhamisi, 13 Februari

Saa kumi na mbili asubuhi. Kule saa mbili na nusu. Kaka: "Wamemwingiza." Neno moja tu.

Mama yuko kwenye mswala.

Saa moja. Hakuna kitu. Kwa kuwa figo ni dhaifu wamesema watatumia dawa ya picha kidogo iwezekanavyo. Ya Rabbi, kidogo iwezekanavyo.

Saa mbili. Nimefungua duka, nyumbani sikai. Mteja wa Lubumbashi anataka vitenge, anataka bei ya jumla, anataka risiti, anataka kijana wa kubeba. Kila anachotaka nampa. Simu iko juu ya kaunta, uso juu. Mkokoteni umepita, mtu anapiga kelele "mgongo, mgongo!" ili apishwe, na mimi nimeruka.

Saa mbili na nusu. Jirani wa duka la vifungo kaniletea chai, kakaa. Anasema mjomba wake alizibuliwa mshipa wa moyo hapa Taasisi ya Jakaya Kikwete, waliingilia mkononi, kifua hakikuguswa, na yule mzee leo anauza nazi Ilala. Najua ananiliwaza. Niliwaze, dada.

Saa tatu na dakika kumi. Kaka. Hakuandika, kapiga. Nikashindwa kusema halo.

"Imekaa. Imekaa vizuri. Damu inapita ndani, figo zote mbili zinapata damu. Yuko macho."

Alhamdulillahi. Alhamdulillahi. Mteja wa Lubumbashi kanipunguzia mwenyewe ubishi, kalipa bei niliyosema, kasema kwa Kiswahili chake cha kule, "Mama, Mungu ni mkubwa."

Ijumaa, 14 Februari

Nimemwona kwa video. Kakaa kitandani, anakunywa supu. Anadai haina chumvi.

"Wamenitoboa huku na huku, basi." Akafunua shuka kidogo kunionyesha, Kaka akageuza kamera kwa haraka. Plasta mbili kwenye mikunjo ya mapaja, kila moja ndogo kuliko kiganja cha mtoto. Michubuko ya zambarau. Jioni kasimama, katembea hadi mlangoni na kurudi.

Kwa kisu angekuwa chumba cha uangalizi maalumu leo, na mirija, na tumbo lote bandeji.

Mama kala leo. Kala kweli.

Alhamisi, 20 Februari

Kreatinini imetulia. Wanakaa kidogo kabla ya kupanda ndege.

Sasa hofu imepungua na hasira imepata nafasi. Si hasira na mtu. Lakini kiwanja cha Chanika kimekwenda. Mzigo wangu wa Ramadhani umekwenda, na mtaa mzima habari ni biashara ya saa 24, taa, na mimi rafu zangu zina nafasi. Sijuti hata senti. Naumia kwa ajili ya yule asiye na kiwanja. Mzee wa mkokoteni aliyepita Alhamisi akipiga kelele, naye anavuta sigara, naye kapita sitini. Yeye nani atampandisha ndege?

Nimesoma leo kitu cha kunipa moyo. Muhimbili wana tiba radiolojia: madaktari wanaotibu kwa kuongozwa na picha, kwa sindano na mirija, bila kupasua. Mwaka 2018 walianza kuja walimu kutoka Yale na kwingineko kwa mpango unaoitwa Road2IR, na sasa Watanzania wanasomea hapohapo Upanga. Mikono inajifunza hapa. Mikono ikishajua, kilichobaki ni vifaa na nani analipa. Hilo ni la nchi, si la ukoo mmoja kuuza kiwanja.

Jumanne, 25 Februari

Karudi! Katoka mlangoni anatembea, koti lilelile, kapungua uso. Mama kamshika mkono hakuuachia hadi Kariakoo.

Ana kadi mpya kwenye pochi, na jina la kifaa, namba zake, saizi zake, tarehe. Aiweke daima. Kaiweka nyuma ya kadi ya uanachama wa Yanga.

Barabarani foleni, Nyerere yote. Hakulalamika. Alikuwa anatazama nje tu.

Jumatatu, 3 Machi

Ramadhani. Daktari kakataza kufunga mwaka huu kwa sababu ya figo, maji lazima. Kaumia zaidi ya alivyoumia Mumbai. Shekhe kaja kumtuliza: mgonjwa ana ruhusa, atalipa fidia, kibaba cha chakula kwa kila siku. Sasa kila alfajiri anapima mchele mwenyewe, anausawazisha juu kwa kiganja, anautia mfukoni, na mjukuu anaupeleka kwa wanaostahili.

Kula mchana hataki kuonekana. Anakula chumbani, mlango umefungwa. Mama anakaa naye.

Jumatano, 19 Machi

CT ya mwezi wa kwanza. Nilidhani tumemaliza. Hatujamaliza.

Kuna damu kidogo bado inaingia kwenye uvimbe. Haipiti juu wala chini ya bomba, hapo pamebana. Inarudi kinyume kupitia mshipa mdogo wa mgongoni ambao zamani ulikuwa unatoka kwenye uvimbe huo. Wanaiita aina ya pili. Daktari hakuwa na wasiwasi: nyingi huziba zenyewe, na uvimbe haujakua. 6.1, ileile. Ukianza kukua wataingia tena kwa mrija waizibe. Kwa sasa ni kuangalia. Tena CT mbele, halafu kila mwaka, maisha yote.

Maisha yote. Hilo ndilo linalonikaa. Usiku nimesoma majaribio ya Uingereza yaliyoanza 1999. Ndani ya siku 30, waliopitishiwa kwenye paja walikufa asilimia 1.7, waliopasuliwa, asilimia 4.7. Faida kubwa. Lakini walipowafuatilia miaka mingi, faida ile iliyeyuka, na baada ya miaka minane waliopasuliwa ndio waliokuwa mbele, maana bomba linaweza kusogea, kuvuja, na uvimbe usioangaliwa ukapasuka baadaye. Kwa hiyo kliniki ndiyo nusu ya tiba. Anayeiacha kaiacha nusu.

Nimemsomea mdogo wetu yote hayo. Kasema, "Dada, niliahidi." Kaandika tarehe zote kwenye simu yake, za mwaka huu na za mwaka ujao.

Baba yeye anauliza kama anaweza kurudi kwenye cherehani. Daktari karuhusu. Asibebe marobota tu.

Jumamosi, 5 Aprili

Iddi imepita. Baba kashona kanzu za wajukuu wote, mwenyewe, kidogokidogo. Leo anamaliza ya mwisho, iliyochelewa.

Daktari alituambia kitu tangu Januari na kikawa kinapita tu sikioni: hali hii hutembea katika damu. Ndugu wa tumbo moja, watoto wa kiume. Ndugu wa kiume wa Baba aliyebaki hai ni Ba'mkubwa. Yule wa mwacheni amalize umri wake. Anayevuta hadi leo.

Nilikwenda Mtoni mwenyewe juzi. Sikubishana. Nilimpeleka Baba, wakakaa wawili kwenye mkeka, na Baba akafunua upande wa paja, akamwonyesha. Vialama viwili, unavitafuta. "Ndiyo hivyo tu?" "Ndiyo hivyo tu." Ba'mkubwa akazima sigara kwenye kisahani akaomba kanzu yake.

Leo kapimwa. Sentimita 3.8.

Upo. Ni mdogo, wa kuangalia. Hakuna ndege, hakuna kiwanja cha kuuza. Dawa ya presha, altrasaundi kila mwaka, na sigara basi. Kipimo chenyewe kilimalizika kabla chai yangu ya nje haijapoa. Kina bei ambayo familia nyingi za mtaa huu zinaimudu. England kila mwanaume huitwa kupimwa mwaka anaotimiza 65, na Sweden vilevile. Sisi Baba aliokolewa na kijana mstaarabu aliyepandisha mkono juu ya kitovu wakati fomu ilisema kibofu na tezi. Ile ilikuwa bahati. Uhai wa wazee usiachiwe bahati.

Nimewaandikia kaka zangu, na sasa naandika hapa vilevile nilivyowaandikia, ili nami nisilegee: mwenye baba, ba'mkubwa, ba'mdogo au mjomba aliyepita 65, na zaidi kama amewahi kuvuta sigara, ampeleke apimwe tumbo. Asisubiri kuumwa, maana hauumi. Mkifika, mwambieni mpimaji kwa maneno haya: tunaomba na mshipa mkuu.